MLINZI WA MSIKITI NA SWALI LAKE: WAKALA HAKUONDOLEI DHIMA



Himdi zote ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu, darsa ya leo ni ndefu kidogo, naomba mnivumilie. Mmezoea niandike kuhusu swala, funga, ndoa na mirathi. Leo nataka tuzungumze kuhusu mshahara wa mtu mnyonge, hasa yule aliyeletwa kazini na wakala au kampuni, ambaye anatumika kwako lakini analipwa na mwingine. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu si uungwana kuanika aibu za watu huku yako umeifungia kabatini.

KISA CHENYEWE

Msikiti wetu hapa Bagamoyo uliwahi kuibiwa. Walibeba kipaza sauti na betri ya sola. Kamati ikakaa, tukaamua tuweke mlinzi wa usiku. Hatukumtafuta mtu sisi wenyewe. Tulikwenda kwenye kampuni ya ulinzi, tukaandikiana mkataba, tukawa tunalipa shilingi 350,000 kila mwezi. Mweka hazina wetu hakuchelewesha hata mara moja, na risiti zipo.

Kampuni ikatuletea kijana mmoja kutoka Singida. Hakuwa Mwislamu. Mpole, ana rungu na tochi, anaingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, siku saba za wiki. Watoto wa madrasa walikuwa wakimwita mjomba. Mimi kila Alfajiri nikifika ananiamkia, nami naitikia marahaba, napita zangu kwenda kutia udhu.

Siku moja nafika kabla ya adhana, nakuta geti liko wazi na lindo halina mtu. Nikakasirika. Sikumsubiri, sikumuuliza. Nikachukua simu nikampigia msimamizi wa kampuni nikamwambia: "Mtu wenu ameacha lindo, msikiti uko wazi." Nikaingia nikaswalisha watu, moyo wangu ukiwa mweupe kabisa, naona nimetimiza wajibu.

Siku ya tatu yule kijana akaja baada ya Adhuhuri, hana sare. Akaniamkia kama kawaida.

"Shehe, nimekuja kuaga. Nimefukuzwa."

Nikamwambia: "Na wewe usiku ule ulikwenda wapi, mwanangu?"

Akasema: "Nilikwenda kule pwani kwenye soko la samaki. Wavuvi wakishusha, ukiwasaidia kubeba wanakupa visamaki viwili vitatu. Nilidhani nitawahi kurudi kabla hujafika."

"Mlinzi mwenye mshahara anakwenda kubeba samaki usiku?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Shehe, huu mwezi wa tatu sijalipwa. Nikiuliza ofisini naambiwa mteja hajatoa hela." Akaangalia chini. "Nilikuwa naogopa kukuuliza. Kwani nyie mlikuwa mnalipa?"

Ndugu zangu, nina zaidi ya miaka ishirini kwenye mimbari. Nimeulizwa maswali ya talaka, ya faraidhi, ya waliokufa baharini. Sijawahi kuulizwa swali lililonitoa jasho kama hili. Miezi mitatu kijana yule alilinda nyumba ya Allah akiamini kwamba wenye nyumba ile ndio waliomnyima haki yake. Na kila asubuhi aliniamkia! Mtu asiye wa dini yetu ametuona sisi, watu wa swala tano, kuwa ndio tunaokula jasho lake, na bado akatulindia mali.

Baadaye nikaijua hesabu yote. Katika zile 350,000 tunazotoa, mshahara wake aliokubaliana nao ulikuwa 150,000. Humo anakatwa 10,000 kila mwezi ya sare na buti. Aliambiwa anakatwa na ya NSSF, alipokwenda kuulizia hakukuta kitu.

Nikaitisha kamati. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akasema: "Shehe, sisi tumeshalipa. Mkataba wetu ni na kampuni, si na yule kijana. Mambo yao ya ndani tuwaachie wenyewe." Mwingine akasema tukiingilia tutashitakiwa. Siku ile sikuwa na jibu zuri. Makala hii ndiyo jibu langu kwao na kwangu.

MJI WETU UNALIJUA JAMBO HILI

Watu wakisikia Bagamoyo hufikiria utumwa tu. Ni kweli, watumwa walipita hapa, na Allah ndiye anayejua idadi ya machozi yaliyoanguka kwenye mchanga huu. Lakini wengine wengi waliopita hapa hawakuwa watumwa. Walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mtu anabeba pembe au vitambaa, mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 30, anatembea miezi kutoka Tabora hadi hapa pwani, kisha anageuza tena na mzigo mwingine. Wapo wanaosema jina la mji wetu limetokana na hao: wakifika hapa wanatua mzigo, wanabwaga moyo.

Wapagazi hawa mara nyingi hawakuandikwa na mwenye safari mwenyewe. Mgeni akishuka kutoka Unguja akitaka kwenda bara, alikwenda kwa mfanyabiashara wa hapa mjini amkusanyie watu na bidhaa. Maarufu wao alikuwa Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897. Sitaki kumsema vibaya marehemu. Aliacha mali nyingi kwa ajili ya elimu na matibabu, na jina lake lipo mpaka leo katika hospitali ya Muhimbili. Ninachotaka muone ni kwamba mtu wa kati, anayesimama baina ya mwenye kazi na mfanya kazi, si jambo jipya lililoletwa na makampuni ya leo. Hapa kwetu lina zaidi ya miaka 130. Basi sisi watu wa Bagamoyo tusijifanye hatulijui.

Leo wapagazi hawapo, lakini tembea kutoka Bunju, Mapinga, Kerege mpaka Dunda. Nani analinda geti la hoteli? Nani anafagia ofisi? Nani anakata majani kwenye bustani za ufukweni? Uliza wangapi wanalipwa na mwenye pale mahali. Wengi watakuambia: "Mimi niko chini ya kampuni."

UWAKALA SI HARAMU, LAKINI

Tuwe waadilifu. Dini yetu haikukataza uwakala. Mtu kumtafutia mwenzake kazi na kupata chochote kwa taabu yake ni halali. Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alichunga kondoo za watu wa Makka kwa ujira, na alisafiri na mali ya Bibi Khadija (r.a.) kufanya biashara kwa ajili yake. Kuajiriwa si unyonge, na kuajiri si dhambi.

Wenye makampuni nao wana hoja zao, na tuzisikilize. Wanasema: sisi tunawafundisha vijana, tunanunua sare, tunalipa kodi na leseni, wateja wengine wanachelewa kulipa, na bila sisi vijana hawa wangekuwa vijiweni. Mengi katika hayo ni kweli. Mtu aliyechukua sehemu yake kwa kazi aliyoifanya hana lawama.

Lakini katika ijara wanazuoni wetu wameweka sharti kwamba ujira ujulikane, kazi ijulikane na muda ujulikane. Rejeeni kisa cha Nabii Musa (a.s.) katika Suratul Qasas, kuanzia aya ya 26. Alikuwa mgeni kule Madyan, mkimbizi, hana ndugu wala nauli. Angeweza kutumikishwa kwa sahani ya chakula tu na asingekuwa na pa kusemea. Lakini yule mzee akakaa naye, akamtajia muda wa miaka minane, na kama Musa akipenda mwenyewe afikishe kumi, na akamhakikishia kuwa hataki kumtia mashakani. Haya ndiyo mafunzo ya Qur'ani kuhusu kumwajiri mgeni asiye na kwao: muda wazi, malipo wazi, hiari kwa mfanyakazi, na neno la kumtuliza moyo.

Sasa pima mkataba wa mlinzi wetu kwenye mizani hiyo. Sisi hatukujua yeye analipwa kiasi gani. Yeye hakujua sisi tunalipa kiasi gani. Aliyejua pande zote mbili ni mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa anawaambia watu wa huku hivi na wa kule vile. Giza la namna hii ndiko dhulma inakofugwa.

Mtakumbuka hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), kuhusu watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Wa kwanza ni aliyetoa ahadi kwa jina la Allah kisha akavunja. Wa pili ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wa tatu ni aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira. Tazameni hao watatu walivyowekwa pamoja. Anayenyima mshahara amekalishwa safu moja na anayeuza watu! Sisi wa Bagamoyo tunawasimulia watalii habari za minyororo kwa huzuni kubwa. Tujiulize huyu wa tatu tunamsimulia lini.

JIBU LA "MIMI NIMESHALIPA"

Nirudi kwa mzee wangu wa kamati. Sisemi kwamba msikiti ulikuwa na deni mara mbili. Kwa hukumu ya mkataba, tuliyepaswa kumlipa tulimlipa. Ninachosema ni kwamba deni ni kitu kimoja na dhima ni kitu kingine. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Kijana yule alikuwa chini ya paa letu saa 12 za kila usiku. Tulimwona anakonda. Tulimwona na viatu vilivyopasuka ilhali anakatwa hela ya viatu. Macho tulikuwa nayo na ulimi tulikuwa nao. Hatukuuliza kwa sababu kutouliza kulikuwa rahisi, na bei ile ilikuwa nafuu kwetu.

Hii hoja ya "si mfanyakazi wangu, ni wa kampuni" imefika mpaka kwenye mahakama za majirani zetu. Kule Nairobi kulikuwa na vijana walioajiriwa na kampuni iitwayo Sama. Kazi yao ilikuwa kukagua picha na video mbaya zinazotumwa Facebook, za mauaji na uchafu, ili mimi na wewe tusizione. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung, alifungua kesi kuhusu mazingira ya kazi ile, na mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakafungua yao. Meta, yenye Facebook, ikajitetea kwamba yenyewe haiko Kenya na hao si wafanyakazi wake. Mahakama ya ajira ya Kenya mwaka 2023 ikakataa utetezi huo na kusema Meta inaweza kushitakiwa pale pale Kenya, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono. Angalieni: mahakimu wa dunia wameona kwamba huwezi kujificha nyuma ya mgongo wa wakala, nasi tunaosubiri Hakimu asiyedanganywa na karatasi tunasema "tumeshalipa".

Hata nchi yetu imelitazama jambo hili. Mwaka 2014 zilitoka kanuni zilizowakataza mawakala binafsi wa ajira kujifanya waajiri wa watu wanaowatafutia kazi. Kazi ya wakala iwe kuunganisha, na mwajiri awe yule anayetumikiwa. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida kuwa zisizidi 45 kwa wiki, na za ziada zilipwe mara moja na nusu, tena zisizidi 50 katika wiki nne. Mlinzi wetu alikuwa anafanya saa 84 kwa wiki. Yaani wiki mbili hazijaisha, saa za ziada za mwezi mzima alikuwa amekwishazimaliza, na hakuna aliyemlipa hata moja. Na saa hizo alizifanyia mlangoni kwetu.

Na asije mtu akasema "lakini yule si mwenzetu wa dini". Amepokea Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) ameonya: atakayemdhulumu asiye Mwislamu tuliye naye kwenye ahadi, akampunguzia haki yake au akambebesha asichokiweza, yeye Mtume ndiye atakayesimama dhidi yake Siku ya Kiyama. Unategemea shufaa ya nani siku hiyo, kama mwenye shufaa ndiye anayekushitaki?

NENO KAFALA TUMELIFANYA NINI?

Sasa tuvuke bahari, kwa sababu kila mtaa wa pwani hii una binti aliye Muscat, Dubai au Doha, na huko pia kuna wakala katikati.

Mwaka jana nilialikwa kusoma dua ya safari. Binti alisoma madrasa kwetu, amepata kazi ya nyumbani Oman. Wakala alikuwepo, mtu wa heshima, kanzu nyeupe, ametoa na sadaka ya sukari. Nikasoma dua, nikamwambia binti amtii bosi wake na ashike swala. Ndiyo niliyosema. Sikumuuliza wakala mkataba uko wapi, umeandikwa kwa lugha gani, pasipoti itakaa kwa nani, na siku ya mapumziko ni ipi. Miezi mitano baadaye mama yake akaja kibarazani: simu ya binti imechukuliwa, pasipoti anayo bosi, na wakala akipigiwa hapokei. Alhamdulillah yule binti amekwisharudi, mzima. Lakini dua yangu ilitumika kumpamba wakala, na hilo nalijua mimi na Mola wangu.

Yaliyomkuta si mageni. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu. Humo mna habari za pasipoti kushikwa, mishahara kukatwa au kutolipwa kabisa, na wengine kufanya kazi mpaka saa 21 kwa siku bila siku ya kupumzika. Mzizi wake ni ule utaratibu uitwao kafala, ambao ukaazi wa mfanyakazi umefungwa kwa mwajiri mmoja, na akimkimbia anahesabiwa ametoroka. Wapo waajiri wema huko, wengi, na wapo mabinti waliojenga nyumba za wazazi wao kwa kazi hiyo. Siwapaki wote tope moja. Lakini utaratibu unaomfanya mtu ategemee bahati ya kupata bosi mwema ni utaratibu mbovu.

Na kinachoniuma zaidi ni lile neno lenyewe. Kafala ni neno letu, neno tukufu! Katika Suratu Aal Imran, aya ya 37, Nabii Zakariya (a.s.) ndiye aliyemkafili Bibi Maryam, yaani alimlea na kumtunza, na kila akiingia kwake akimkuta na riziki aliuliza imetoka wapi. Aliuliza! Kafili alikuwa anaingia, anaangalia, anauliza hali. Na kafili wa yatima ameahidiwa kuwa jirani wa Mtume (s.a.w.) Peponi. Leo neno hilo limekuwa jina la kufungia pasipoti kabatini. Tumelichukua neno la kulea tukalifanya kufuli.

NA NDANI YA NYUMBA ZETU JE?

Najua mpaka hapa wengi mnatikisa kichwa mkisema "wallahi Waarabu wale". Ngojeni kwanza.

Yule binti wa kazi aliyeko jikoni kwako Dunda, Magomeni au Mapinga ametoka wapi? Ametoka Iringa, Dodoma, Tanga ndani huko, ameletwa na mama fulani aliyechukua cha kwake. Naye ana wakala, naye yuko ugenini. Analala saa ngapi? Simu yake iko kwa nani? Mshahara unampa mwenyewe mkononi, au unasema "namwekea"? Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri. Elfu sitini! Nimewauliza kina mama darsani wangapi wanafikisha, mikono iliyonyooka niliihesabu kwa haraka.

Hadithi ya Abu Dharr (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, inatufundisha kuwa wanaotutumikia ni ndugu zetu ambao Allah amewaweka chini ya mikono yetu. Wale tunachokula, wavae tunachovaa, wasitwishwe wasichokiweza, na wakitwishwa basi tuwasaidie. Ukiona uchungu kwa binti yako aliye Muscat, basi jua kwamba kuna mama Iringa ana uchungu huo huo kwa sababu yako.

Na tusimdharau mtu kwa kazi anayoifanya. Mji huu umemjua Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, khalifa mkubwa wa Qadiriyya, aliyefariki mwaka 1931. Alifika hapa kutoka Manyema akiwa kijana mtumwa. Waliomwona siku ya kwanza waliona mtumishi tu. Hawakujua kwamba wanamtazama sheikh wa mji.

TUFANYE NINI?

Kwanza, wewe mwenye duka, hoteli, shule au msikiti unayechukua watu kupitia kampuni: andika kwenye mkataba mfanyakazi atalipwa kiasi gani na tarehe ngapi, na uonyeshwe kila mwezi kwamba amelipwa na michango yake imepelekwa NSSF, kabla wewe hujatoa malipo ya mwezi unaofuata. Ukipewa bei ya chini mno, usifurahi. Uliza nani anaifidia hiyo nafuu.

Pili, wewe mwenye kampuni: chukua faida yako kwa uwazi. Usimwambie mfanyakazi "mteja hajalipa" ilhali amelipa. Hapo umekusanya uongo, khiyana na kula ujira, vyote kwa sentensi moja.

Tatu, mzazi unayemsafirisha mwanao: usikubali safari ya viza ya matembezi. Pita kwenye njia za serikali, wakala awe anatambulika rasmi, na mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele yako. Baki na nakala yake na nakala ya pasipoti. Na msituite maimamu kusoma dua kabla hatujauona mkataba. Mimi nimejiwekea sharti hilo.

Nne, wewe mfanyakazi: dai haki yako kwa adabu, na uwahi. Ukiachishwa kazi kwa dhulma, malalamiko yapelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine kama ya mshahara ndani ya siku 60. Wengi wanapoteza haki kwa kuambiwa "njoo wiki ijayo" mpaka siku zinapita. Nawe timiza kazi kwa uaminifu, kwani ujira ni wa kazi.

Tano, sisi maimamu: tusiishie kuhubiri vipimo vya sokoni tu tunaposoma Suratul Mutaffifin. Anayemfanyisha mtu saa 84 akamlipa za 45, naye amepunja mizani.

MWISHO WA KISA

Mtataka kujua ya yule kijana. Tulimwandikia barua mwenye kampuni, tukamwendea mara mbili. Alilipa mwezi mmoja. Kijana hakuweza kukaa kusubiri kesi, hana pa kulala, akarudi kwao Singida. Kamati ikakubaliana, na yule mzee wangu akiwa wa kwanza kunyanyua mkono, tuvunje mkataba ule. Sasa tumeajiri walinzi wawili wenyewe, wanapokezana, na tunawalipa mkononi mbele ya mashahidi. Gharama imepanda, na tumepunguza shughuli ya maulidi mwaka huu ili iwezekane. Sioni kama Mtume (s.a.w.) atachukia hilo.

Miezi miwili iliyobaki tunamtumia kijana kwa simu kidogo kidogo kutoka mifukoni mwetu. Si kwamba mkataba unatulazimisha. Katika ile hadithi ya watu watatu waliofungiwa na jabali pangoni, mmoja wao aliokoka kwa kuitunza haki ya kibarua aliyeondoka bila kuchukua ujira wake, akaizalisha mpaka mwenyewe aliporudi akamkabidhi yote. Nasi tuna jabali letu, na hatujui litaanguka lini.

Nilimpigia juzi nikamwomba radhi kwa ile simu niliyoipiga Alfajiri ile bila kumuuliza. Akasema, "Yameisha, shehe." Kisha akauliza kama watoto wa madrasa wazima. Yeye amesema yameisha. Mimi bado naliogopa swali lake, kwa sababu najua nitaulizwa tena, na siku hiyo atakayeuliza si yeye.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyafanya kwa kujua na kwa kutotaka kujua. Wape wanyonge haki zao duniani kabla hawajaja kuzichukua kwenye thawabu zetu Akhera. Walinde watoto wetu walio ugenini, na utufanye sisi kuwa ulinzi kwa watoto wa wenzetu walio ugenini kwetu. Amin.

Mwenye mlinzi, mfagiaji au binti wa kazi, leo kabla ya kulala muulize swali moja tu: "Umelipwa?"

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.